Vita vya Gugu Moja Katika Jaruba la Mke wa Fundi

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, na wewe uliyejibanza mlangoni ukijidai unatafuta kandambili. Wekeni vikombe chini, zimeni simu, niwasimulie jinsi Fundi, simba wa cherehani, bwana wa sindano, mfalme wa pindo, alivyoingia topeni saa tatu asubuhi na kutoka akiwa historia.

Jueni kwanza chanzo cha vita. Mwaka jana mkewe aliugua, palizi ikachelewa wiki tatu, na majeshi ya magugu yakalivamia jaruba lake, kishamba cha mpunga kilichozungushiwa matuta ya kushika maji. Yakanywa mbolea, yakaziba jua, na mpunga ukasimama mwembamba, wa manjano, kama mwenye nyumba aliyelala njaa huku wageni wakicheua. Magunia kumi na moja ya mwaka juzi yakawa manne. Mwaka huu mama yule akapalilia mara tatu, kwa mkono, mpaka mpunga ukanenepa na kutoa machipukizi hadi mkaguzi wa mbegu akasikia sifa zake. Akiukubali, utakuwa mbegu ya wakulima wote wa bonde. Akiona gugu, hata moja, utabaki kuwa wali tu.

Asubuhi ya ukaguzi mama alikuwa tutani, mguu una bandeji, maana jana yake alijikata na jembe. Akainua macho, akaliona: gugu moja, katikati kabisa, limevaa kijani kilekile cha mpunga, limenyoosha shingo bila haya.

"Baba watoto, vua viatu."

"Mke wangu, mimi ni mtu wa vitambaa."

"Leo utakuwa mtu wa tope. Pikipiki ya mkaguzi ile, inavuka daraja."

Ndipo Fundi akakunja suruali aliyoishona kwa mikono yake mwenyewe, akashuka, na tope likampokea hadi magotini. Akanyoosha kidole.

"Ewe gugu, mla vya watu, uliyenenepa kwa mbolea ya wenzio, leo umekutana na..."

"Hutubia huku unatembea," alisema mkewe. "Kushoto. Kushoto kwako, si kwangu."

Fundi akafika, akakamata, akavuta, akainua nyara yake juu kama bendera.

Mkewe akaitazama. "Huo ni mpunga, mume wangu. Umeniulia mwanangu, jizi umeliacha limesimama."

Kumbe ukiwa tutani gugu unaliona. Ukishaingia kati, kila jani ni pacha wa mwenzake. Pikipiki ikazimwa. Mkaguzi akavua kofia ngumu. Fundi akakumbuka uso wa mkewe mbele ya yale magunia manne.

"Nitalijuaje?" akanong'ona, kwa mnong'ono uliofika barabarani.

"Papasa pale jani linapoungana na shina. Mpunga una kiulimi cheupe na vinyweleo. Gugu liko tupu."

Fundi akasimama wima. "Yaani mpunga una kola."

"Haya, una kola."

"Na gugu halina."

"Halina. Fanya haraka."

Hapo ndipo vile vidole vilivyokwisha kupindua kola za mashati ya wilaya nzima vilipoingia vitani. Akafumba macho, akapita shingo kwa shingo: kola, kola, kola, kola, tupu. Akalishika shinani, akavuta, nalo likamvuta, wakavutana kama mawifi na kanga moja, mwisho likang'oka na mizizi yake yote, na shujaa akaketi kitako majini, tope likaruka hadi kwenye buti za mkaguzi.

Mkaguzi akazunguka jaruba zima, akiinama, akichungulia, huku Fundi amebaki palepale kwa kuogopa kukanyaga mche mwingine, gugu mkononi.

"Na hilo, mzee?"

"Hilo lilikuwa linaaga."

Mkaguzi akafungua daftari. "Mimi nakagua jaruba, sikagui mikono." Akaandika: safi.

Mama akampa mkono kumtoa. "Hongera, mkulima."

Kifua cha Fundi kikajaa.

"Mkulima wa gugu moja," akamalizia mkewe. "Sasa rudisha mpunga wangu ulipoutoa."

Akaupanda, nao ukashika. Tangu hapo, katika nyumba ile, miaka huhesabiwa hivi: kabla Fundi hajaingia topeni, na baada ya suruali yake kukauka.