Kiti cha Mabwana Kimenibwaga Bibliyoteki

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe. Ngojeni nimalize ndiyo mucheke.

Munaijua bibliyoteki yetu ya zamani, ile ya tangu Wabelgiji? Nusu ya vitabu vyake vimesomwa na mchwa. (Angalau mchwa wanasoma.) Leo mkurugenzi alikuwa anachagua mtu wa kuzunguka milimani, nje ya mji, kuwasomea watoto hadithi. Tulibaki wawili: mimi na Espérance wa Kinama. Espérance! Huyo akisoma, utadhani anatangaza msiba redioni.

Nikavaa wigi jipya, nikaenda kwenye jaribio la kusoma. Watoto wamejaa kwenye mkeka, mama zao kutoka Kanyosha wamesimama ukutani. Nikapewa kistuli cha plastiki. Mimi? Plastiki? Nikakiendea kile kiti kikubwa cha mbao cha mabwana wa zamani.

"Dada, apana kukaa apo," akasema mzee Salumu, mtunza vitabu. "Ile kiti ni ya kuangalia tu."

"Mzee, mi si mutoto. Kiti ni ya kukaa."

Akarudi kupanga vitabu vyake. (Si angenivuta hata mkono!)

Nikakaa. Kikalia: kriii. Nikakipuuza. Nikaanza hadithi ya jogoo aliyejiona mfalme. "Jogoo akapanda juu kabisa," nikapaza sauti, "akapiga mabawa!"

Na mimi nikapiga mabawa.

Mungu wangu! Miguu yote ya kiti ikaachia kwa pamoja. Nikashuka kama gunia la mihogo: miguu juu, wigi machoni, unga wa mchwa mdomoni. Halafu watoto wakalipuka kwa makofi.

"Bis! Bis! Rudia!"

Walidhani ni sehemu ya hadithi!

Mama mmoja akaja kunivuta sketi ishuke. "Pole, mwanangu. Ata kama unapenda iyi kazi, usijiue."

Ikaja zamu ya Espérance. Akafungua kitabu kwa madaha, akakohoa kidogo. Hakumaliza hata mstari mmoja. Katoto ka mbele kakamuuliza:

"Na we, utaanguka saa ngapi?"

Mkurugenzi (vitabu vya pale yeye anavitumia kujipepea tu) akajifuta machozi ya kicheko, akatangaza nimeshinda mimi. Naanza Jumamosi. Kusoma kwangu hakukutaja hata kidogo. Ameshaagiza kwa fundi kiti kingine, cha kuvunjika.