Ngozi za Basi Zinazouzwa Kanyangi Bila Leseni

Kitonga Mwangangi,
Mnunuzi wa Ngozi Mwenye Leseni,
Soko la Kanyangi.

Kwa Afisa wa Leseni za Biashara,
Chumba Nambari Nne.

Bwana Afisa,

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA MPWA WANGU

Natumai hujambo na mafaili yako pia hayajambo. Sisi huku Kanyangi tuko salama, isipokuwa sheria, ambayo siku hizi haijisikii vizuri.

Mimi nimenunua ngozi za mbuzi na ng'ombe katika soko hili kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote leseni yangu haijakosa ukutani hata siku moja. Biashara yenyewe unaijua ilivyo. Ngozi ya mbuzi niliyokuwa nikinunua mia tatu, leo naletewa bure na bado naifikiria mara mbili. Wachinjaji wengine wanazitupa nyuma ya kichinjio, mbwa wanavutana nazo. Ada ya leseni nayo haijashuka hata shilingi, na mimi sijasema kitu, kwa sababu mtu mwenye leseni halalamiki ovyo sokoni. Anaandika barua.

Sasa sikiliza. Chumba cha tatu kutoka bandani kwangu amekodi Mutanu, mtoto wa dada yangu Kaveke, msichana aliyemaliza chuo Kitui mjini akarudi na kompyuta moja na heshima zake. Mwezi uliopita alibandika tangazo mlangoni: SKINI MPYA ZA BASI. HAMSINI TU. TUMA PESA UTUMIWE. Nililisoma mara tatu. Leseni yangu imeandikwa Hides and Skins, na mtu wa ofisi yako alinieleza zamani kwamba hides ni za ng'ombe na skins ni za mbuzi na kondoo. Hakuniambia kuna skins za basi. Nikachukua mizani na kisu, nikaenda kama mjomba na pia kama mtu wa kazi hiyohiyo, nikamuuliza huyo basi ni mnyama gani na anachinjiwa wapi.

Bwana Afisa, huyo mtoto alicheka mpaka akashika meza. Alipotulia alinieleza kwa adabu. Kuna gemu ya simu ambayo mtu anaendesha basi. Basi lenyewe linatoka kwa wenye gemu likiwa jeupe tupu. Mutanu analichorea nguo: rangi, maandishi, taa, na jina la gari fulani la barabara yetu. Anayecheza akinunua hiyo nguo, basi lake linaonekana kama lile analolijua. Nguo hiyo ndiyo skini, na chochote kinachoongezwa namna hiyo na mtu ambaye si mwenye gemu kinaitwa modi. Nilimwelewa vizuri sana. Lakini kuelewa si leseni, na ndiyo maana naandika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ngozi ni ngozi. Sheria haikusema lazima iwe na manyoya. Kwa kinywa chake mwenyewe, mwezi jana Mutanu aliuza ngozi mia mbili na kumi na mbili. Mimi mwezi huohuo nilinunua tisa, na mbili zilikuwa na funza. Sasa kati yetu wawili, mfanyabiashara wa ngozi wa Kanyangi ni nani?

2. Ngozi zake hazikaguliwi. Zangu daktari wa mifugo anazipindua, anazinusa, na akiona tundu dogo la kisu ananishusha daraja papo hapo. Nimeona kwa macho yangu ngozi moja ya basi la Makindu iliyoandikwa ubavuni BWANA NDIYE MCHUNGAJI WAGU. Herufi imedondoka na hakuna daktari aliyeitwa. Hiyo kwangu ni daraja la tatu, na inatembea barabarani mchana.

3. Mimi nachuna, yeye anavisha. Mnyama wangu ana ngozi moja, na akishaitoa habari yake imekwisha. Huyu wa Mutanu anavishwa mpya kila wiki na hafi. Tena nilimwomba anionyeshe ngozi aliyomuuzia mtu wa Mukuyuni, akanionyesha. Nikamwomba anionyeshe ile iliyobaki dukani, akanionyesha ileile. Ameiuza mara themanini na bado anayo! Mimi nikiuza ngozi moja mara themanini nitafungwa, na nitakuwa nimestahili.

4. Hapa naomba ukae vizuri kwenye kiti. Wiki tatu zilizopita Mutanu alipata barua kutoka kwa hao wenye gemu, watu wa ng'ambo. Wanasema kuanzia sasa yeyote anayeuza modi sharti achukue leseni kwao, na katika kila shilingi mia awape thelathini. Asipofanya hivyo kufikia mwisho wa mwezi, watafuta kila alichowahi kuchora. Miaka minne ya kazi, yote. Tangu siku hiyo msichana hacheki tena, na hata tangazo la mlangoni amelibandua upande mmoja, linaning'inia.

Nami niliisoma hiyo barua nikaona aibu. Sikuona aibu kwa ajili ya Mutanu. Niliona aibu kwa ajili ya ofisi yako. Watu ambao hawajui Kanyangi iko upande gani wa dunia wamemfikia huyu mtoto kabla yenu, na ninyi mnapita mlangoni kwake kila mwisho wa mwezi mkienda kudai wauza mboga! Tutawaachia wageni watoze watu wetu kabla sisi hatujawatoza? Alinitazama akaniuliza swali moja tu: "Mjomba, mbuzi akija kipara, na mimi nikamfumia sweta, hiyo sweta ni ya nani?" Nikamjibu bila kusita kwamba sweta ni ya ofisi ya leseni. Akarudi kwenye kompyuta yake.

5. Sasa tuje kwenye kosa kubwa zaidi, na hili hakuliuza. Amelitoa bure. Mutanu amechora barabara nzima kutoka Kitui mjini hadi hapa, yenye mavumbi na mashimo yake yote, na mwisho wa barabara amechora soko letu. Wauza maembe wapo. Kichinjio kipo. Na banda langu, Bwana Afisa, lipo, na mlangoni limeandikwa KITONGA NGOZI kama lilivyo, hata ile K iliyopinda. Watu elfu kumi na moja wamelichukua soko hilo kwenye simu zao. Mabasi yanaingia usiku na mchana, yanaegesha popote, na hakuna hata moja lililokatiwa tikiti ya maegesho. Kuhusu mimi, inamaanisha nina tawi la pili la biashara ambalo halina leseni, na siwezi kulifikia nikalifunga.

Nilimuuliza kwa nini hakutoza. Akasema kuna kijana wa hapa anaitwa Mutunga, yuko Uarabuni analinda ghala, hajarudi nyumbani mwaka wa tano. Akitoka kazini anawasha simu, anaendesha basi kutoka Kitui hadi Kanyangi, anaegesha karibu na banda langu, anazima injini, anatazama soko kidogo, halafu analala. Ndiye aliyemwomba achore. Yaani mtu anaingia sokoni kila siku kwa miaka miwili, na ushuru wa kuingia hajalipa hata mara moja. Niliposikia hivyo nilikasirika sana, nikatoka nje, nikakaa kwenye gunia la chumvi mpaka hasira ikapoa.

6. Kwa hiyo nimetafakari nikaona tatizo si gemu. Tatizo ni kupenda. Hawa watengeneza modi wote, nimeambiwa, walianza kwa sababu wanaipenda gemu ya mtu mwingine. Mtu akiachwa apende kitu bila kibali, kesho anakiongezea lake, kesho kutwa anakitengeneza kikawa kizuri kuliko kilivyotoka kwa mwenyewe, na serikali haijapata kitu. Na ugonjwa huu umeenea. Watoto wa shule wanatengeneza malori ya waya yenye usukani unaogeuka, na hakuna aliyeandikia kiwanda cha malori. Kwaya ya kanisa letu imechukua wimbo wa Wazungu ikautia kayamba na vigelegele mpaka Mzungu mwenyewe akiusikia ataomba afundishwe. Mke wangu Nthenya anapika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, aliofundishwa na marehemu mama yangu, na ameuongezea mbaazi kwa hiari yake, bila kuandikia mtu. Mimi nimekula ushahidi huo miaka ishirini na sita.

Napendekeza ianzishwe Leseni ya Kupenda. Mtu ajaze fomu aseme anapenda nini, kwa kiasi gani, na kama anatarajia kukiongezea chochote. Anayependa na kuuza alipe ada ya kawaida. Anayependa na kutoa bure alipe mara mbili, kwa sababu kitu cha bure hakina thelathini kwa mia ndani yake, na huko ndiko kuwahujumu wakubwa.

7. Hili la mwisho nilitaka kulinyamazia lakini dhamiri imekataa. Nilikuja ofisini kwako Jumatatu kuripoti haya yote kwa mdomo. Karani wako alikuwa ameinamia simu chini ya meza, anaendesha basi. Lilikuwa limevaa ngozi ya Mutanu, naijua kwa ile herufi iliyodondoka. Aliniambia ningoje mpaka afike Emali. Nilingoja mpaka Emali. Alipofika Emali akasema ni saa ya chakula.

Maombi yangu ni machache. Uje Alhamisi, siku ambayo soko limejaa, ili watu wajifunze. Uje na kufuli na ile karatasi nyekundu mnayobandika milangoni. Umtoze Mutanu leseni ya ngozi ya miaka minne aliyoikwepa, pamoja na faini, kabla wale wa ng'ambo hawajachukua thelathini zao, ili watakapofika wakute hakuna. Usimhurumie kwa sababu ni mpwa wangu. Mimi binafsi sijawahi kuhurumiwa na ofisi yako, na nimekua mtu mzima. Nikilipa mimi kila mwaka bila kusaidiwa na mtu, naye ni nani asilipe?

Mimi mwenyewe nitakuonyesha mlango.

Wasalimie watu wote wa chumba nambari nne, na wale wa chumba nambari tatu ambao hutuelekeza chumba nambari nne. Msalimie karani, akishafika anakoenda. Nthenya anakusalimu, lakini hajui nimeandika nini, na naomba ibaki hivyo.

Ni mimi mlipaji wako mtiifu,

Kitonga Mwangangi,
Kanyangi.

N.B. Bwana Afisa, naandika sehemu hii nikiwa nimesimama kwa Mwau, karani wa chifu. Nilimletea barua aipige muhuri, akaipiga, akaiandika kitabuni, halafu akaniomba nambari ya leseni yangu aiongeze pembeni. Akaitafuta kwenye simu yake. Akanitazama, akaitazama simu, akaniuliza anayenilipia ni nani.

Nikamwambia najilipia. Tangu mlipohamishia malipo kwenye simu, kila Januari nampa Mutanu kitambulisho changu na elfu mbili taslimu, anakwenda zake, anarudi na leseni imechapishwa. Mwau akasema ada haijawa elfu mbili kwa miaka minne. Ni elfu saba na mia tano. Nikamuuliza kama simu yake ni mbovu. Akanionyesha: mistari minne, miaka minne, elfu saba na mia tano kila mmoja, na jina la mlipaji ni la mtoto wa dada yangu. Hakuniambia hata siku moja. Alichukua elfu mbili yangu kwa mikono miwili akasema asante, mjomba.

Nimepiga hesabu hapo hapo. Elfu tano na mia tano alizokuwa akiongeza ni ngozi mia moja na kumi za basi kila mwaka, ili mimi niendelee kuitwa mnunuzi wa ngozi. Na ya mwaka huu ameilipa juzi tu, Januari hii hii, barua ya hao wa ng'ambo ikiwa tayari imemfikia.

Nilitaka kuichana barua hii. Mwau amekataa, anasema iliyopigwa muhuri ni mali ya serikali na hairudi. Amenikubalia tu niongeze maneno chini, mradi nisifute ya juu. Basi ya juu yabaki yalivyo, lakini nakujulisha kwamba Alhamisi soko halitakuwepo. Ukija siku nyingine, mlango ninaoujua mimi ni wa banda langu tu. Na huyo Mutanu niliyemtaja, nimeuliza kila mtu hapa Kanyangi. Hakuna anayemjua. Hata mimi simjui.