Mashine Mpya na Kinu cha Nana Afrakoma

Jumatatu, 2 Juni

Nimekosa mazoezi ya chemsha bongo. Tena! Saa kumi, wenzangu wakitaja mito mikuu ya Afrika, mimi nilikuwa uani hapa Kumasi nikitwanga muhogo na ndizi zilizochemshwa. Nana Afrakoma, mama yake Mama, hali fufu ya kununua. Yeye hukaa kwenye kigoda na kuligeuza donge kinuni, mimi natwanga, mpaka lilainike kama shavu la mtoto mchanga. Mikono yangu sasa ni ya mpagazi.

Mwalimu Pokuaa amesema nikikosa na Ijumaa, kiti changu cha timu anapewa Dufie, aliye wa akiba. Dufie wa nyumba ya pili! Yeye ana kaka wawili wa kumtwangia. Alichungulia juu ya ukuta kunipa pole. "Twanga tu, dada. Mito tutaitaja sisi."

Ningeweza kumweleza Nana habari za timu. Lakini nimefundishwa kutowasumbua wazee. Na nina njia bora. Mjomba Ntim ameahidi kumnunulia Mama kitu cha jikoni. Nimeandika hotuba: Faida za Mashine ya Kusaga Chakula katika Nyumba ya Kisasa. Ina aya tisa.

Jumanne, 3 Juni

Mjomba alikubali kwenye aya ya pili. Akasema nimwachie apumue, tunakwenda dukani.

Mama alipenda mashine nyekundu kwa sababu inafanana na chupa yake ya chai. Mimi nilisoma maandishi ya maboksi yote, mbele na nyuma, mpaka muuzaji akamwuliza Mjomba kama nimetumwa na serikali. Nilichagua nyeupe. Mota kubwa, visu vitano, dhamana ya miaka miwili. Muuzaji akauliza tunataka kusaga nini. Fufu, nikasema. Akaitazama mashine. Akanitazama mimi. Akasema dhamana haihusu fufu.

Sikukata tamaa. Kijitabu cha maelekezo kinaeleza karoti, keki na jibini, kwa lugha saba. Fufu haimo hata katika moja. Nadhani walisahau tu.

Jumatano, 4 Juni

Siku mbaya kuliko zote.

Mashine haikuwaka. Mama aliiombea. Mjomba aliuliza kwa simu kama umeme upo. Nana akashauri ipigwe kofi, kama redio ya marehemu babu. Nilisoma kijitabu chote, hata Kireno. Kumbe kifuniko hakikuzungushwa mpaka kilie tak!

Ikawaka. Kwa furaha nikatia muhogo wote na ndizi zote kwa mpigo. Mashine iliguna, ikatetemeka, ikatembea mezani kuelekea dirishani, ikanyamaza. Harufu ya mpira ulioungua.

Fufu ilitoka nusu gundi, nusu kokoto. Nana alitafuna. Fufu haitafunwi! Inamezwa pamoja na supu, inateleza yenyewe. Alitafuna polepole, macho kwangu, kisha akamgeukia Mama. "Mwanangu, leo nimetafuna fufu. Mwite kaka yako aje asikie wasia."

Alhamisi, 5 Juni

Mashine imepoa, imefufuka. Na nimeijua! Vipande vichache tu kwa mara moja. Maji kijiko. Bonyeza, achia, bonyeza. Ilitoka laini, inang'aa. Nana alimeza bila kutafuna. Akaomba nyongeza. Nililia kidogo, nikasingizia pilipili.

Hatujanawa mikono, akaingia Maame Akyaa, mama yake Dufie, na bakuli la muhogo uliochemshwa, limefunikwa kitambaa. Uso wa msibani. Alisema kinu chetu hakijasikika tangu juzi. Kama mambo yamekuwa magumu tusione haya, sisi ni majirani.

Nana alisimama wima. Akamwonyesha mashine. Maame Akyaa akasema ehee, kumbe ni hiyo, yeye alidhani pikipiki ya mtu imegoma.

Alipoondoka, Nana akatoa amri. Mashine ibaki, fufu yake tamu. Ila katika nyumba yake, kinu kisikike!

Nikapata wazo. Nitatwanga kinu kitupu. Dakika chache tu, kwa ajili ya sauti.

Ijumaa, 6 Juni

Fufu tayari saa tisa na nusu! Sare nimeinyoosha. Nikakipiga kinu kitupu. Nana akapaza sauti toka ndani: hicho kitupu, hata mbuzi anajua. Nikatia maganda. Akasema inasikika kama mvua kwenye bati. Nikatia muhogo wa Maame Akyaa. Hapo sawa. Akaja na kigoda chake, akakaa kugeuza, maana mchi usio na mgeuzaji unasikika mpweke.

Nilitwanga mbio. Akasema hiyo ni fufu ya mgonjwa mmoja, watu watasemaje? Nikatwanga fufu ya familia nzima. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Fufu ya mashine imefunikwa mezani, inatungoja!

Dufie akapita na karatasi za timu mkononi. "Dada, tumekusikia toka njia panda! Leo kwenu sherehe?"

Kiti kimekwenda. Mama yake Dufie naye akaja na bakuli tupu. Kwa mtwango ule, alisema, chakula hakiwezi kukosa kubaki. Mama akampa ya mashine. Akameza, akafumba macho. Akasema mkono wa mtu haufanani na pikipiki.

Jumamosi, 7 Juni

Nana alinikuta nimekaa juu ya kinu nikilia. Nikamweleza yote. Timu, mito, kiti, Dufie.

"Mjukuu wangu, si ungesema tu? Jumatatu na Ijumaa ningekula wali. Kwani nimekatazwa wali?"

Wali! Nimeitazama mashine mpaka giza likaingia.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani Mwalimu Pokuaa alinivuta kando. Kiti cha akiba kiko wazi. Nifike kesho saa kumi, nisipofika basi tena. Kumbe bado nina nafasi!

Wakati wa chakula Nana aliniuliza kama kesho nina jambo, ili Mama apike wali. Nikajibu sina, Nana, asante sana. Mzee wa watu, kwa nini ale wali kwa ajili yangu? Nina njia bora. Leo nilipokuwa natwanga, nilirekodi sauti yote kwenye simu ya Mama, mwanzo hadi mwisho. Kinachokosekana ni spika kubwa tu, ya kuweka ukutani upande wa Maame Akyaa.

Mjomba Ntim anakuja jioni. Hotuba iko tayari. Aya kumi na moja.