Mpinzani wa Mheshimiwa Thripp

Mheshimiwa Desmond Thripp, Kiongozi wa Halmashauri ya Stowbeck, aliwatangazia wananchi wote, kupitia gazeti la wilaya na ubao wa matangazo ulio nje ya maktaba, kwamba mwaka huu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utumishi, angepingwa.

Lilikuwa jambo kubwa. Kwa miaka ishirini Mheshimiwa alikuwa akipita bila kupingwa katika kata yake ya Overhill. Si kwamba watu walimpenda mno, wala si kwamba walimwogopa. Overhill iko juu kilimani, mvua yake haijui kukoma, na chama cha upinzani, Wakazi Kwanza, hakijawahi kupata mtu mwenye magoti ya kupanda huko kugawa vipeperushi. Kila uchaguzi ilirudishwa fomu moja tu, yake, naye akarudi kitini bila mwananchi hata mmoja kusumbuliwa kushika penseli. Mheshimiwa aliuita utaratibu huo demokrasia yenye ufanisi.

Angeendelea hivyo hadi kaburini kama si Diwani Judith Ockenden, kiongozi wa Wakazi Kwanza. Siku moja baraza lilikuwa likijadili Mkakati wa Utulivu wa Taka, ambao ungeyafanya mapipa ya Stowbeck yazolewe mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki, ili familia zipate muda wa kutosha wa kuzoeana na taka zao. Mkakati ulipita kwa kura moja, kama kila kitu kilivyopita, maana chama cha Mheshimiwa, Umoja wa Walipa Kodi, kiliwazidi wenzao kwa kiti kimoja tu. Thripp akasimama, akasema ana idhini ya wananchi.

"Idhini gani, Desmond?" akauliza Ockenden. "Wewe hukuchaguliwa. Wewe ulisahaulika tu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kilichomchoma Mheshimiwa ni kwamba Roland Scaife, naibu wake mwenyewe, naye alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Thripp alirudi nyumbani na maneno yale kifuani kama mwiba wa samaki. Aliitaka idhini. Aliitaka kwa mamia, ihesabiwe mezani mbele ya Ockenden, imnyamazishe.

Lakini idhini haipatikani bila mpinzani, na mpinzani hakuwapo. Akawapigia simu Wakazi Kwanza kuwaomba wasimamishe mtu Overhill. Wakamjibu kwamba wanashukuru kwa ukarimu wake, ila mvua. Hapo ndipo Mheshimiwa alipoelewa kwamba, kama mambo mengi ya Stowbeck, upinzani nao ungebidi uandaliwe na Halmashauri.

Jirani yake alikuwa Bi Thelma Gantry, mjane aliyeoka keki za bahati nasibu ya kanisa na ambaye hakuwahi kumkatalia mtu jambo lolote. Mheshimiwa alimkuta uani, akilitazama pipa lake la taka lililokuwa limefura hadi mfuniko umekaa upande.

"Thelma, habari za asubuhi. Nina ombi dogo la kitaifa."

"Karibu chai, Desmond."

"Chai baadaye. Nataka ugombee udiwani."

"Mie? Siasa mie siijui hata kidogo!"

"Ndiyo maana nimekuchagua. Usiogope, hutashinda."

"Una hakika?"

"Nakuhakikishia kama kiongozi."

Bi Thelma akashusha pumzi. "Haya basi, kama sitashinda. Sipendi kumharibia mtu mipango yake. Ila Desmond, taka hizi zinanuka."

"Huo ni utulivu, Thelma. Utauzoea."

Mheshimiwa alimjazia fomu, akamtafutia wadhamini, akaipeleka mwenyewe kwa msimamizi wa uchaguzi, Bwana Gideon Sproat, ambaye aliipokea bila kuinua macho. Bi Thelma akaingia kinyang'anyironi kama mgombea asiye na chama. Kisha, kwa kuwa hakuna mtu aliyemwambia mgombea hufanya nini, akafunga mkoba na kwenda pwani kwa dada yake mpaka siku ya kura. Asiyekuwepo na lake halipo, watu husema. Huyu lake lilikuwepo, tena lilikuwa na mtu wa kulihangaikia.

Maana ghafla Mheshimiwa alishikwa na wasiwasi mpya. Vipi kama mama wa watu atapata sifuri? Watu wangesema Thripp amemdhalilisha mjane. Tena ushindi dhidi ya sifuri ungekuwa palepale alipotoka, kupita bila kupingwa kwa mlango wa nyuma. Alimhitaji apate kura chache za heshima, thelathini hivi, kama shada juu ya jeneza.

Basi akajibandika kifuani ua la utepe la rangi ya chama chake, akachukua mwavuli, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Watu wa Overhill hawakuwa wamewahi kuona ua la utepe likipanda kilima kile. Walifungua milango nusu, mbwa wakibweka nyuma ya miguu yao.

"Samahani kukusumbueni," alianza Mheshimiwa kila mlangoni, huku maji yakimtiririka puani. "Ni kuhusu uchaguzi. Kuna mama mmoja anagombea, Bi Gantry, mama wa keki. Hana chama, hana mtu. Naomba nyumba hii imtolee kura moja tu, asije akaaibika."

"Maskini!" walisema watu. "Na wewe umekuja kwenye mvua yote hii kumwombea?"

"Ni wajibu tu, mama."

"Mungu akubariki. Tutampa."

Kura yake mwenyewe hakuiomba hata kwenye mlango mmoja. Kujiombea kura katika kata ambayo mtu ameishika miaka ishirini aliona ni ushamba, kama kujipigia makofi. Alichukulia kwamba kila mtu anajua yeye ni nani. Nao watu wa Overhill, kwa kuwa ni watu wenye adabu zao, walifunga milango bila kumuuliza.

Siku ya kura mvua ilinyesha kama desturi, na watu walijipanga nje ya ukumbi wa kanisa na mbwa wao. Mume alidhani mkewe atampa Thripp, kwa hiyo yeye akampa mama wa keki ile moja ya nyumba. Mke alidhani mumewe atampa Thripp, naye akampa mama wa keki. Kila mmoja alitoka na ile furaha ya siri ya mtu aliyetenda wema peke yake. Mheshimiwa naye aliingia kibandani, akashika penseli iliyofungwa kwa uzi, na kwa kuwa muungwana hajichagui mwenyewe, alimpigia kura Bi Thelma. Akatoka akitabasamu.

Kura zilihesabiwa kesho yake mchana katika ukumbi wa michezo wa wilaya. Kata zote nyingine zilikuwa zimekwisha tangazwa, na vyama viwili vilikuwa sare kabisa. Ilibaki Overhill. Atakayeichukua Overhill ndiye angeamua nani aitawale Stowbeck, na Roland Scaife alikuwa tayari ameagiza keki yenye jina la Mheshimiwa.

Mheshimiwa aliitazama meza ya kuhesabia kwa mbali. Upande mmoja kura zilikuwa zimefungwa mafungu kwa mafungu, zimepangwa kama matofali. Upande wa pili kulikuwa na karatasi moja. Moyo wake ulijaa. Alimwona Bi Thelma amekaa pembeni na mkoba wake, akamwonea huruma ya kweli, akamwendea.

"Usivunjike moyo, Thelma. Hata moja ni mwanzo."

"Asante, Desmond. Kwani tunaondoka saa ngapi? Nimeacha nguo kambani."

Bwana Sproat akawaita wagombea mezani. Alikuwa mtu wa kusema kila kitu kwa sauti moja, tangazo la mafuriko na salamu za Krismasi sawasawa.

"Bi Gantry, kura mia sita na kumi na moja. Bwana Thripp, moja."

Thripp akacheka. "Gideon, umezigeuza."

"Sijazigeuza."

"Basi zihesabiwe upya!"

Zikahesabiwa upya. Mheshimiwa alisimama akiwainamia wahesabuji, akifuata kila karatasi kwa kidole. Gantry, Gantry, Gantry. Kulikuwa na moja iliyochorwa uso unaocheka katika kisanduku cha Bi Thelma; ilikubaliwa, kwa kuwa nia ya mpiga kura ilikuwa bayana. Thripp alianza kutokwa na jasho. Akageuka kumtafuta mkewe, Prudence, aliyekuwa amesimama nyuma yake.

"Prue! Na wewe?"

"Ulisema mwenyewe wakati wa kifungua kinywa, kila nyumba imtolee moja. Kwani sisi hatuna nyumba?"

"Sasa nyumba yetu kura ya pili ilikwenda wapi?"

"Sijui, mume wangu. Ilikuwa yako."

Mheshimiwa akaigeukia meza. Aling'ang'ania ile karatasi moja iliyobaki, kana kwamba ndani yake mlikuwa na wapiga kura wengine waliojificha.

"Hii je?" akasema. "Hii angalau ni yangu. Kuna mwananchi mmoja mwenye akili Overhill!"

"Hiyo ina utata," akasema Bwana Sproat, akaiinua wote waione. Katika kisanduku cha Thripp palikuwa na alama nzuri, na chini yake maandishi ya mkono: *Samahani Desmond, nimesahau miwani, natumaini hapa ndipo penyewe. Pole na kazi. Jirani yako, T.*

"Alaa, hiyo yangu!" akasema Bi Thelma, akifurahi kuitambua. "Nilikuonea huruma, Desmond. Nilisema isije ikawa watu wamekusahau."

Bwana Sproat akaishusha ile karatasi taratibu. "Kanuni iko wazi. Kura yenye maandishi yanayomtambulisha mpiga kura ni batili." Akaweka muhuri. "Bwana Thripp, sifuri."

Akapanda jukwaani, akatangaza kwa sauti ileile kwamba Thelma Gantry ndiye diwani halali wa Overhill. Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Watu walikuwa bado wanapiga hesabu, na hesabu ilikuwa fupi: kumi, kumi, na Thelma.

Roland Scaife ndiye aliyeimaliza wa kwanza. Mla ni mla leo. Mla jana kala nini? Aliiendea ile keki, akakikwangua kile kipande chenye jina kwa kisu, akakila, kisha akaipeleka iliyobaki kwa Bi Thelma.

"Mheshimiwa Gantry, karibu keki. Umoja wa Walipa Kodi umekuwa ukikufuatilia kwa muda mrefu."

"Usimsikilize, Thelma," akasema Judith Ockenden, aliyekuwa amefika kwa upande wa pili na kiti. "Kaa hapa. Wewe ni wetu tangu zamani. Mkazi, tena wa kwanza."

"Mnataka nini jamani?" akauliza Bi Thelma.

"Tuambie wewe unachotaka," wakasema wote wawili.

Bi Thelma akafikiri. "Mapipa yazolewe kila Jumatatu, kama zamani. Zaidi ya hapo sina neno."

Umoja wa Walipa Kodi wakakumbuka palepale kwamba daima walikuwa na mashaka makubwa na Mkakati wa Utulivu. Wakazi Kwanza wakakumbusha kwamba wao ndio walioanza kuwa na mashaka. Ukazuka ugomvi mzito juu ya nani ana mashaka ya zamani zaidi, na katikati yake Bi Thelma akaikata ile keki vipande na kuwagawia. Kabla vipande havijaisha, aliyekuwa hajui siasa alikuwa ameshakuwa Kiongozi wa Halmashauri ya Stowbeck kwa kauli moja, na Scaife alikuwa naibu wake.

Mheshimiwa Thripp alitazama yote hayo akiwa amesimama karibu na nyavu za mpira wa vinyoya. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwambia abaki. Alihisi uchungu mtupu, ule wa mtoto aliyeachwa nje ya mchezo, na alishangaa jinsi ulivyo mwepesi kubeba. Miaka ishirini haikuwa na uzito wowote mabegani.

Saa kumi ukumbi ulitakiwa na wacheza mpira wa vinyoya, na kwa desturi ya watu wale kila aliyebaki husaidia kupanga viti. Thripp hakuwahi kubaki mpaka wakati huo. Hakujua la kufanya na mikono yake, basi akanyanyua kiti kimoja, akakiweka juu ya kingine. Mzee mmoja aliyevaa kaptura, raketi kwapani, akaja kumsaidia.

"Weka miguu huku," akasema mzee. "Hivyo vitaanguka. Wewe mgeni wa mambo haya?"

"Mgeni kidogo."

Wakapanga safu nzima. Kisha Thripp akashindwa kujizuia. "Samahani, mzee. Wewe ni wa Overhill?"

"Miaka arobaini."

"Ulipiga kura?"

"Nilipiga. Nilimpa yule mama wa keki."

"Kwa nini?"

Mzee akatua kiti, akafikiri kwa uaminifu. "Kuna bwana alikuja mlangoni. Amelowa chapachapa, maskini, na mwavuli umegeuka nje ndani. Hakuomba kitu chake, alimwombea huyo mama. Nikamwambia mke wangu, miaka yote niliyoishi hapa sijaona mwanasiasa akipanda kilima hiki kwa ajili ya mtu mwingine."

Thripp akakiweka kiti chake juu ya safu. "Na yule mgombea wa pili? Thripp?"

"Simjui. Hajawahi kufika kwetu." Mzee akanyanyua kiti kingine. "Lakini yule bwana wa mwavuli, siku akigombea, mimi na mke wangu kura zetu zote mbili ni zake. Unamjua wewe?"

"Hapana," akasema Thripp, akainama kuchukua kiti kilichofuata.