Amri Kutoka Nyumbani

Jeshi zima lilikuwa halijui kupigana mpaka Kanali aliporudi kutoka kozi ya ng'ambo! Ndivyo alivyosema mwenyewe, kifua mbele, kila alipompata wa kumsikiliza. Askari wakambandika jina: Afande Mtandao.

"Mkakati bila mtandao ni domo tupu!" alifoka. "Vifaru, mizinga, droni, askari wa miguu, wote watasikia sauti moja. Yangu!"

Akaliunganisha jeshi kwelikweli. Kila kikosi kikapata kioo cha ramani na spika. Naye, asije akapitwa na vita hata akiwa msalani, akaiunga simu yake binafsi humo humo.

Siku ya zoezi, Waziri na Mkuu wa Majeshi wakaketi chumba cha operesheni, mbele ya skrini kubwa kama ukuta wa godauni. Kanali alishajiona brigedia.

"Tazameni ninavyokizingira kilima kile, kama mkanda kiunoni!"

Nukta za kijani, kila moja kikosi, zikakisogelea kilima. Waziri akaitikia kwa kichwa. Mara simu ikaita, na mtandao, kwa utiifu wake, ukaipokea wenyewe.

"Baba watoto!" Sauti ya mkewe ikanguruma ndani ya kila kifaru. "Bomba limepasuka, sebule imekuwa bwawa! Acha makorokoro yako, njoo nyumbani!"

"Mke wangu, niko vitani..."

"Vita gani? Sasa hivi, nimesema!"

"Nimepokea, tunakuja!" akajibu kamanda wa vifaru.

Mtandao ukaichukua anwani ya "nyumbani" kutoka simu ya Kanali, ukaituma kwenye kila ramani. Nukta zote zikageuka! Hata kikosi kilichojifanya adui kikashuka kilimani, kikafuata.

"Simameni! Hiyo siyo amri!" Kanali akapayuka, jasho chapachapa. Wapi! Mkewe alikuwa bado anaongea.

Vikosi vilipofika, droni ikaonyesha yote: mkewe kasimama juu ya kiti mlangoni, gauni kalikunja magotini.

"Nyie wa vifaru, kaeni nje, msinikanyagie maua! Wa miguu, shikeni ndoo! Wewe mrefu, funga koki!"

Maji yakaisha Waziri hajamaliza chai yake.

Mkuu wa Majeshi akavua miwani. "Kanali, mtandao wako ni mzuri sana."

Kanali akanyoosha mgongo. "Asante, afande!"

"Yule mama ana cheo gani?"

"Hana, afande. Ni... mke wangu."

"Basi nenda nyumbani, ukamwombe aje atumalizie zoezi. Wewe ubaki na watoto."