Viti Sita Vyeupe Chini ya Jukwaa

Mipango aliiona fursa imesimama kwenye foleni. Foleni yenyewe ilianzia mlango wa ukumbi, ikazunguka duka la rangi, ikapotelea nyuma ya benki, na karibu wote waliokuwamo walivaa fulana nyeusi. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na hakuna aliyenung'unika. Mipango aliwaonea huruma, na huruma ya Mipango lilikuwa jambo la kuogopwa.

Bango la ukutani halikumsaidia. Jina la bendi liliandikwa kwa herufi zilizosukwa kama mizizi ya mti uliong'olewa, akaambulia saa ya kuanza tu. Akahitimisha kwamba watu watulivu namna ile wamekuja kusikiliza kwaya. Alichokijua kwa hakika ni kwamba ukumbi ule hauna viti, na kwamba kila mji una watu wenye pesa wasiopenda kusimama.

Akaenda kwa dada yake, mkodishaji wa viti vya harusi, akamweleza habari za kwaya na wazee wenye magoti mabovu. Dada alimsikiliza huku akifuta vumbi kwenye kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Mwishowe akamwachia viti sita vyeupe vyenye utepe wa dhahabu.

"Kesho asubuhi vinakwenda kwa bibi harusi," alisema. "Kikipungua kimoja, mdogo wangu, usije kwangu hata siku ya mazishi yangu."

Mlangoni hakuna aliyemzuia. Mtu mwenye tai, kadi shingoni na viti mikononi huaminika popote. Kadi ilikuwa ya kliniki ya meno, imegeuzwa. Alivipanga chini ya jukwaa, akarudi kwenye foleni kunong'ona. Wa kwanza kunasa alikuwa mwenye duka la magodoro, aliyekata tiketi kwa sababu tu alisikia zinakaribia kwisha. Mipango alimwambia kimebaki kiti kimoja. Akawaambia hivyohivyo na wengine wanne. Wa sita alikuwa mkunga mstaafu, bibi mfupi mwenye miwani minene, aliyetaka kujua kama kiti kiko karibu na ngoma.

"Karibu mno, mama. Utahisi upepo wake."

Pesa zote zikaingia kwenye bahasha ya kaki, na bahasha ikaingia ndani ya shati.

Taa zikazimwa. Mwimbaji, kijana mpole mwenye sura ya karani wa posta, akafungua kinywa, na ikatoka sauti ya lori linaloteremka mlima bila breki. Magitaa yakamfuata. Ngoma zikahesabu saba, zikahesabu tano, kisha zikahesabu idadi isiyofundishwa shuleni. Wale watulivu wa kwenye foleni wakafungua duara pana, wakaanza kulizunguka mbio, wakigongana mabega kwa furaha ya ndama waliofunguliwa. Mwenye magodoro akakimbilia ukutani, na wenzake wanne nyuma yake. Viti vikaenda vilikopelekwa.

Mipango akamwona bibi harusi akilini, amesimama wima na shela lake. Akajitosa.

Hatua ya pili ilimwangusha. Alifumba macho akingoja kukanyagwa. Badala yake mikono minane ikamnyanyua, mmoja ukamkung'uta tai, na msichana mwenye pete puani akapiga magoti katikati ya vurugu ile, akamfunga kamba ya kiatu, akamuuliza kama yuko sawa. Mipango hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu asiyetaka kitu kwake.

Kumbe ndiyo desturi yao. Anayeanguka huinuliwa, na kilichoanguka hushikwa juu ya vichwa mpaka mwenyewe apatikane. Wimbo ulipokoma, juu ya vichwa kulikuwa na kiatu, kofia, viti vitano vyeupe na bahasha ya kaki iliyomchomoka Mipango alipoanguka.

"Viti vya nani, jamani?" mwimbaji akauliza, kwa sauti yake ya karani.

Wale watano walikuwa ukutani, wamemkazia macho. Kuvidai ni kukiri kwamba ukumbi haukuviuza. Kunyamaza ni kumkabili dada.

"Vyangu," alisema Mipango.

"Na bahasha?"

Hapo alisita, na mkono mwingine ukainuka.

"Yangu, mwanangu," alisema mkunga. "Ya kaki, imekunjwa kona."

Ikapitishwa mkono kwa mkono hadi kwake, kwa heshima zote. Bibi akawaendea wale watano, akamrudishia kila mmoja chake, akatia chake mkobani, akarudi kwenye kiti cha sita, ambacho hakuwa amekiacha isipokuwa kwa shughuli hiyo. Vile vitano vilikwishapandishwa jukwaani, salama kando ya ngoma.

Mipango akamkaribia kwa unyenyekevu, akaomba na hicho.

"Nimekilipia," alisema mkunga. "Mashahidi wangu hao hapo ukutani."

"Lakini mama, hawa watakivunja."

"Ndiyo maana upo." Akavua miwani, akaifunga ndani ya leso kama mtu aliyezoea. "Kamata mgongo wa kiti kwa mikono miwili, utanue miguu. Huo ulikuwa wimbo wao wa kubembeleza."