Posa ya Sleyum na Fimbo ya Waairishi

Sleyum bin Humoud alipotangaza kwamba mchezo wa Waairishi uliasisiwa na babu yake Unguja, hakuna aliyembishia, kwa sababu wote walikuwa na pilau kinywani.

Wa kwanza kumaliza kutafuna alikuwa Bi Mahfoudha. Balaa lote lilianzia hapo.

"Mchezo gani tena huo?" akauliza.

"Hurling, Mama! Fimbo na mpira! Klabu yao ipo hapahapa Maskati, wana ligi, wana ratiba, wana kocha, na mimi wamenichagua!"

Jamani, uongo mwengine hutembea mchana kweupe bila hata ya kilemba. Wamemchagua nani? Ukweli ni kwamba ofisini kwao kuna mhandisi wa Kiairishi, jina lake Fiachra, na wanaoliweza jina hilo ni watu wa Oman tu, kwa ile *kha* yake. Siku moja Fiachra alimwonyesha Sleyum mchezo wa kwao kwenye simu, akamwambia kwamba Jumamosi wanafanya mazoezi na kila mtu anakaribishwa. Kila mtu! Hata mwenye kitambi. Huko ndiko kuchaguliwa kwenyewe.

Lakini Ijumaa ile, kule Mawaleh nyumbani kwa Bi Mahfoudha, Sleyum hakuja kula tu. Alikuja kusikiliza jibu la posa. Noof, binti yake Bi Mahfoudha, alikuwa daktari wa meno, na yeye alikwishakubali zamani. Alimpenda Sleyum kwa sababu alimchekesha, na mtu anayeshinda kutwa akitazama magego ya watu anahitaji mno kucheka. Aliyebaki ni mama. Na mama mwenyewe, basi! Bi Mahfoudha alistaafu wizarani, lakini wizara haikustaafu kwake. Hata chumvi ilipitishwa mezani kwa utaratibu.

"Sleyum mwanangu, nna swali," alisema, akajifuta vidole. "Farasi ulianza?"

"Nilianza, Mama."

"Ukamaliza?"

"Yule farasi alikuwa na tabia mbaya."

"Kuzamia baharini?"

"Masikio, Mama. Yaliziba."

"Kuoka mikate?"

"Hamira ile haikuwa hamira, wallahi!"

Noof akainamia sahani yake, mabega yakimtikisika. Bi Mahfoudha hakucheka.

"Basi sikiliza. Mie sitaki mahari ya kutisha wala sherehe ya kufunga barabara. Nataka mtu wa kumaliza alichokianza, kwa sababu ndoa haina masikio ya kuziba. Utacheza huo mchezo wako mmoja, tangu filimbi ya mwanzo mpaka ya mwisho. Ushinde, ushindwe, shauri yako. Filimbi ya mwisho ikikukuta uwanjani, posa nimeikubali. Ikikukuta nje, hujaoa hapa."

"Khalas!" alisema Sleyum, kifua mbele. "Hiyo kwangu chai tu!"

Pembeni mwa meza alikuwepo Mjomba Sinan, kaka yake Bi Mahfoudha, aliyekulia Unguja na kuja Maskati kijana. Muda wote alikuwa anashughulika na mfupa. Akauweka chini.

"Fimbo, umesema? Kama ya kirumbizi?"

"Hiyohiyo, Mjomba!"

"Basi na mie nakuja kutazama."

Kwa asiyeijua, kirumbizi ni ngoma ya fimbo ya arusini. Zumari inalia, wawili wanaingia duarani, wanasalimiana kwa fimbo, wanazungukana, wanagonganisha, kok, kok, na hapigwi mtu. Uzuri wake ni adabu. Na akija mtu anataka zamu, unampa fimbo kwa mikono miwili, unainama, unatoka kinyumenyume. Kumnyima mtu zamu ni aibu ya kuhadithiwa mpaka kwa wajukuu. Sleyum aliijua kirumbizi tangu utoto, na aliijua vizuri, tusimdhulumu. Kosa lake ni kudhani Waairishi nao wanaijua.

Jumamosi akenda mazoezini Seeb. Kocha alikuwa Fiachra mwenyewe, na swali lake la kwanza likawa: "Unatoka kaunti gani?" Maana kwao mtu huchezea klabu ya mtaa wake, akiiva huitwa timu ya kaunti, na kaunti haiachi mpaka afe.

"Unguja," alisema Sleyum bila kupepesa.

Fiachra akasema hakujua kwamba Unguja wana timu.

"Kali sana," alisema Sleyum.

Jitu moja lililokuwa linafunga kamba za viatu likaangua kicheko. Huyo ni Omondi, Mkenya, fundi wa lifti, mwenye mikono ya kuinua lifti bila umeme.

"Usijali, bosi," alisema Omondi. "Mimi nilimwambia Siaya, kaunti yetu kule Kenya, na tangu siku hiyo jina langu hapa ni Siaya."

Halafu ikaja fedheha. Klabu ile ilikuwa na ngazi zake za kukuza wachezaji, na mgeni, awe na miaka minane au thelathini na minane, huanzia ngazi ya kwanza. Sleyum akapangwa na watoto. Kazi yao ilikuwa kukimbia huku mpira mdogo mweupe umetulia juu ya bapa la fimbo. Watoto wakaenda, wakarudi. Mpira wa Sleyum ukaenda peke yake. Kitoto kimoja cha kike kikamvuta jezi, kikamwambia kwa huruma, "Amu, kunja magoti."

Mazoezi ya pili Sleyum alikuwa na mafua. Ya tatu alikuwa na arusi. Ya nne hakuwa na kitu, lakini hakwenda vilevile. Ya nini? Mtu afundishwe fimbo na Waairishi, na yeye kazaliwa nayo?

Ikafika mechi ya mwisho ya ligi ya klabu kabla ya joto, timu ya Bahari na timu ya Milima, tisa kwa tisa. Bahari walikuwa pungufu: mmoja zamu ya kazi, mmoja kiuno, mmoja mkewe amekataa. Fiachra, ambaye siku hiyo ndiye refa, akatazama huku na huku, akaona aliyebaki ni Sleyum tu. Akamweka mbele kabisa, karibu na goli la Milima, mahali ambapo aliamini hawezi kuharibu kitu.

Ukoo mzima ukateremka kutoka magarini. Viti vya kukunja, birika za kahawa, halwa, boksi la barafu, mashangazi wanne. Bi Mahfoudha akakaa sawa na mstari wa katikati, miwani ya jua usoni, mkoba mapajani. Sleyum alikuwa amevaa suruali ndefu, maana nani aonyeshe magoti mbele ya mkwe? Kichwani alivaa kofia ngumu yenye wavu, na chini yake kumma, ile kofia ya Kiomani iliyotariziwa. Akapunga mkono. Shangazi mmoja akapiga kigelegele.

Filimbi!

Watu wote wakaukimbilia mpira. Sleyum hakukimbia. Alimgeukia Omondi, beki wa Milima aliyepewa kumlinda, akanyanyua fimbo, akakunja goti moja, akazunguka taratibu.

"Bosi, vipi?" aliuliza Omondi. "Umeumia?"

"Nakusalimia."

"Mpira umepita!"

"Acha upite. Nyanyua fimbo, yakhe!"

Kok! Omondi alikuwa mtu mstaarabu. Ukimgongea, naye anagonga. Kok! Sleyum akazunguka kushoto. Kok, kok! Mjomba Sinan kule nje akashindwa kuvumilia, akalikumbatia boksi la barafu, akalipiga kwa viganja. Mashangazi wakadakia kwa makofi. Uwanja mmoja, michezo miwili!

"Sleyum!" alipaza sauti Fiachra, akaona Kiingereza hakifai. "Il-kora! Il-kora!"

Mpira kitu gani? Sleyum alikuwa anaruka, anainama, anajipinda, na moyoni hana shaka kwamba Siaya yote imeshasalimu amri. Wakati huohuo Milima walikuwa wanahesabu. Katika mchezo ule, mpira ukipita juu ya mwamba wa goli ni pointi moja, ukiingia wavuni chini yake ni tatu, na Milima walikuwa wanapata za juu na za chini.

Mapumziko, Noof akamletea kahawa.

"Sleyum, umekiona kile kidude cheupe?"

"Kidude kipi?"

"Kile wanachokipiga wenzio. Nadhani mchezo ndio ule." Akacheka mpaka akashika mbavu, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Halafu akaacha kucheka. "Sikwambii ufunge. Sikwambii hata ukimbie. Simama tu humo ndani mpaka filimbi. Nakuomba. Mie nshachoka kusubiri."

Sleyum akamtazama. Alimpenda mtu huyu, wallahi alimpenda, na kwa mara ya kwanza akaogopa kweli. Akamrejeshea kikombe na hakujigamba hata neno moja.

Kipindi cha pili akaanza kuukimbilia mpira. Toba! Heri angebaki kucheza ngoma. Akaanguka. Akainuka. Fimbo ya Omondi ikamwangukia ugokoni kwa bahati mbaya, akaona nyota za rangi tatu.

"Pole, bosi! Toka nje ukapakwe dawa!"

"Sitoki!"

"Mguu unavimba!"

"Na uvimbe! Sitoki mie!"

Pumzi ikamwisha, akabaki. Kumma ikamteremkia machoni, akabaki. Kila walipotaka kumbadilisha aliushika mlingoti wa goli kwa mikono miwili, mpaka wakamwacha. Sleyum, aliyemwacha farasi kwa sababu ya tabia, sasa alikuwa anachechemea kama meza ya mgahawa na bado yumo. Hata Bi Mahfoudha alivua miwani. Noof alikuwa anauma kucha, yeye anayewakataza watu kuuma kucha.

Na Bahari nao wakaamka! Pointi moja, nyengine, wavuni mara moja, mpaka wakabaki nyuma kwa pointi mbili. Fiachra akatazama saa. Dakika ya mwisho ilikuwa hiyohiyo. Mpira ukapigwa kutoka nyuma, ukapaa, ukamgonga Omondi begani, ukashuka, ukatulia mbele ya miguu ya Sleyum. Golikipa ameteleza, yuko chini, anatafuta kofia yake. Goli tupu!

"Piga!" alilia Noof.

"Piga, bosi!" alisema Omondi, akasahau yuko timu gani.

Sleyum akanyanyua fimbo. Na hapo, nyuma yake, mtu akakohoa.

"Hm-hm."

Akageuka. Alikuwa Mjomba Sinan! Kanzu nyeupe, kumma imenyooka, viatu ameviacha mstarini, mikono miwili imenyooshwa mbele, viganja juu. Macho yanamng'aa kama ya mtoto wa Idi.

"Haya mwanangu," alisema. "Nipe na mie zamu."

Sasa we ungefanyaje? Mjomba wa bibi arusi! Mzee, mikono kanyoosha, mashangazi wanne wanatazama! Katika arusi zote alizohudhuria Sleyum tangu azaliwe, mkono wa namna hiyo haujapata kurudi mtupu. Kichwa kilikuwa bado kinafikiri, lakini mwili umeshafunzwa. Akampa fimbo kwa mikono miwili. Akainama. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, kwa heshima zote, akauvuka mstari, akaendelea kurudi mpaka kisigino kikagonga boksi la barafu. Hapo ndipo akili ilipomfikia.

"Yarabi!" alisema Sleyum.

Mjomba Sinan akazunguka mara moja, akakunja goti, akausalimia mpira, akaukung'uta. Huo mpira haukuonekana ulipokwenda, ulionekana wavu tu unatikisika. Tatu! Mashangazi wakapiga vigelegele mpaka kengewa angani wakahama, na Fiachra akapuliza filimbi ya mwisho huku analia kwa kucheka. Milima wakauliza kama ni halali. Fiachra akasema kwenye ligi ya klabu mchezaji hubadilishwa wakati wowote, na mabadiliko yenye adabu kama yale hajayaona hata Ireland. Bahari wakashinda kwa pointi moja.

Sleyum akaona atumie mwanya huohuo.

"Mama, tumeshinda!"

"Wameshinda," alisema Bi Mahfoudha. "Wewe filimbi imekukuta wapi?"

Sleyum akatazama miguu yake. "Hapa. Karibu na halwa."

"Ndani ya mstari au nje?"

"Nje. Lakini kwa adabu, Mama! Ningemnyima vipi Mjomba?"

"Adabu nimeiona, na imenifurahisha. Nilikuwa nshafungua mkoba nitoe simu, nimpigie sheikh." Akaufunga mkoba. Kule katikati ya uwanja Waairishi walikuwa wanamrusha Mjomba Sinan juu na kumdaka, na kila akipanda alikuwa anaomba wasimchafulie kanzu. Bi Mahfoudha akamtazama. "Lakini nilisema mtu wa kumaliza. Aliyemaliza ni kaka yangu, na huyo siwezi kumwoza Noof."

Noof akamkimbilia Fiachra kuuliza mechi nyengine ni lini. Akarudi polepole. Ligi imekwisha, alisema, hawachezi tena mpaka joto lipungue, mwezi wa kumi hivi. Kabla ya hapo kuna mashindano ya Bahrain tu, na huko wanakwenda walioiva.

"Basi nitakwenda Bahrain!" alisema Sleyum, kifua kikaanza kurudi mahali pake.

"Utakwenda," alisema Noof, akamkalisha kitini, akamwekea barafu ugokoni. "Jina la Mjomba limeshapelekwa. Wanataka mtu wa kumbebea fimbo."